Ganzi Isifike Mikononi

Hospitali nzima ilimwita Kidole, naye alishalizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita daktari aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Alikuwa daktari wa usingizi, kijana mrefu, mwembamba, mdomo mwepesi kuliko miguu, na jina hakupewa kwa ubaya. Wenzake walidai kidole chake cha shahada kina macho. Mjamzito akikaa ukingoni mwa kitanda na kukunja mgongo, Kidole hupapasa mara mbili tatu kati ya pingili, akasema "hapa," na ikawa hapo. Wakati wengine bado wanasukuma mashine ya altrasaundi kwenye korido, gurudumu moja limegoma kama punda, yeye ameshachoma sindano, ameshabandika plasta, na anamwambia mama wa watu kwamba kuanzia sasa hata akikanyagwa na lori atauliza nani anamtekenya.

Utani ndio uliokuwa dawa yake ya kwanza, kabla ya ile ya kwenye chupa. Mama aliyecheka hulegeza mabega, mabega yakilegea mgongo hukunjika vizuri, na nafasi kati ya pingili hufunguka. Hiyo hakufundishwa darasani. Aliigundua mwenyewe na aliringa nayo.

Siku hiyo simu ya wodi ya wazazi ilimkuta anamalizia chai.

"Chumba cha mwisho," sauti ikasema. "Anataka sindano ya mgongo."

"Nakuja," akasema, akakata. Hakuuliza zaidi. Angeuliza nini? Wote huwa wanataka kitu hicho hicho, na hakuna hata mmoja anayesema njoo kesho.

Nje ya chumba cha mwisho alimkuta mwanamume kwenye benchi, amepakata begi la nguo na kulikumbatia kama vile kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Shemeji, vuta pumzi," Kidole akamwambia akipita. "Anayezaa yuko ndani. Ukizimia hapa nje mimi sina kitanda cha wanaume."

Mwanamume akamtazama. Alijaribu kutabasamu, mdomo ukamkatalia. Kidole akaona ni ule woga wa kawaida wa akina baba, akasukuma mlango kwa bega, sinia la vifaa mkononi, meno yote nje.

"Haya, mchezaji wetu yuko wapi? Naambiwa anapiga mateke kama analipwa posho."

Mkunga, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisimama na shuka mkononi asijue alitandike au alikunje. Kando ya kitanda mwanamke mwingine alikuwa amemshika mzazi bega, na alimtazama Kidole jinsi unavyomtazama mtu aliyeingia msibani na ngoma. Mzazi mwenyewe alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Ameacha," mzazi akasema. "Tangu jana."

Mkunga akamshika Kidole kiwiko, akampeleka kwenye sinki kama anampeleka mtoto kunawa.

"Hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

"Moyo wa mtoto umesimama. Tumeona kwenye picha asubuhi. Tumemwanzishia uchungu, na sasa umeshika kasi." Alifungua bomba ili maji yafunike sauti yake. "Wewe na mdomo wako."

Kidole alinawa. Alinawa vidole, viganja, viwiko, akarudia vidole. Alifikiria kumpigia mwenzake aje yeye, lakini mwenzake alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mezani. Alipoona hakuna tena cha kunawa, alirudi, akazunguka upande wa ukuta na kuchuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mzazi. Alikuwa mwanamke wa makamo kidogo, macho makavu kabisa.

"Mama, nimesema upuuzi. Nisamehe."

"Hukujua."

"Nilitakiwa kuuliza kabla sijafungua mdomo."

"Mdomo wenyewe unaonekana hauna mlango," akasema yule mwanamke aliyeshika bega. Hakutabasamu, lakini hakuwa anamfukuza pia. Huyu alikuwa wifi wa mzazi, dada wa yule mwanamume wa kwenye benchi, na ilionekana hata huzuni haikuweza kumfungia ulimi.

Uchungu ukaja. Mzazi aliuma shuka, akanguruma kwa ndani, wifi akampangusa jasho, wote wakasubiri. Ulipopita, mzazi alishika koti la Kidole kwenye mfuko.

"Nataka nikwambie kitu kabla hujanichoma. Mtoto wa kwanza nilizaa hospitali nyingine, wakanichoma hivi hivi. Maumivu yaliisha, siwezi kusema uongo. Lakini ganzi ilipanda. Ikapita tumbo, ikapita kifua, ikaingia mikononi. Mtoto alipotoka wakamweka hapa juu yangu, nikawa namtazama kama mtu anayetazama televisheni ya jirani kupitia dirishani. Mikono ninayo, siwezi kuinyanyua. Akaanza kuteleza. Huyu wifi ndiye aliyemdaka."

Wifi aliinamisha kichwa. Kwao, kisa hicho kilikuwa kichekesho cha familia. Kila walipokusanyika yeye ndiye aliyekisimulia, na chumvi alitia mwenyewe: mimi ndiye niliyemshika kwanza, wewe ulikuwa unaangalia sinema, kwa hiyo mama halali ni mimi. Watu walivunjika mbavu. Binti mwenyewe, sasa anakimbia na kuanguka na kuamka, alijua sehemu ya kucheka. Leo wifi alitazama kandambili zake.

"Yule nilimshika baadaye," mzazi akaendelea. "Nimembeba mpaka amekuwa mzito. Huyu hana baadaye. Unanielewa, dokta? Nichome, maana maumivu haya yananimaliza bure. Lakini mikono yangu uniachie."

Kidole alieleza polepole, akichagua maneno kama anachagua mchele. Ganzi hupanda kutegemea kiasi chake na mahali ilipoingilia. Akichoma chini, kwenye nafasi inayotakiwa, na kuimimina kidogo kidogo, itakaa tumboni na miguuni. Akikosea akachoma juu, safari ya kwenda mikononi inakuwa fupi. Kwamba juu zaidi kuna uti wa mgongo wenyewe, na kwamba huko hapaguswi, hilo alibaki nalo moyoni.

"Basi usikosee," mzazi akasema.

Wakamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Wifi alisimama mbele yake, mzazi akaweka paji la uso begani mwake na kukumbatia mto. Kidole akafungua vazi nyuma.

Mgongo ulikuwa mpana, umejaa maji ya ujauzito kuanzia kiunoni, na ngozi ilikuwa imenyooka kama godoro jipya. Aliweka viganja juu ya mifupa ya nyonga, kushoto na kulia, akaleta vidole gumba katikati. Njia hiyo kila mtu wa kazi yake anaijua: mstari unaounganisha nyonga mbili unakata pingili ya nne ya kiuno, na nafasi iliyo juu yake ndiyo ya kuchoma. Shida ni kwamba kwa mjamzito nyonga zimezama ndani ya nyama, na mkono huishia juu kuliko mfupa wenyewe. Mstari unapanda bila kuaga. Kila daktari wa usingizi anaijua kasoro hiyo, na kila mmoja anaamini huwapata wengine.

Alipapasa, akabonyeza, akachora alama ndogo kwa kalamu. Hapa.

Uchungu ukaja tena, mzazi akajipinda, wakangoja. Ulipomwachia, mgongo ulikuwa umekaa vingine. Kidole akapapasa upya, kwa mazoea tu, kuhakikisha. Akahesabu. Kidole kikasimama chini ya alama, kwenye pingili nyingine. Akachora ya pili. Akaanza tena kwenye nyonga, na safari hii hakupata hata moja kati ya hizo mbili. Alipata mahali fulani katikati, ambapo hapakuwa na nafasi bali mfupa.

Mkunga alichungulia. Aliona alama mbili, akashusha miwani.

Siku nyingine angechagua ile ya chini, akachoma, na dunia ingeendelea kuzunguka. Mara ngapi alikuwa amefanya hivyo? Mara ngapi alisema "hapa" na haikuwa hapo, ila mtoto alilia, mama akashukuru, na hakuna aliyekumbuka kuhesabu? Kidole chenye macho, na kumbe miaka yote hakuna aliyewahi kukipima.

"Mama Mkunga," akasema, "naomba altrasaundi."

Mgongo wote ukakaza mbele yake, kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Hapana," mzazi akasema kutoka begani mwa wifi. "Mashine ile isiingie humu."

"Mama..."

"Asubuhi yule dada aliyenipima alikuwa anapiga soga vizuri tu. Ananisimulia mvua ilivyoingia kwao jikoni. Halafu akanyamaza. Anahamisha kile kidude huku, anahamisha kule, kimya. Mimi nilijua kwenye kunyamaza kwake. Sitaki kuiona tena."

Wifi alimtazama Kidole juu ya kichwa cha mzazi: usimlazimishe. Mkunga naye alitazama saa ya ukutani, kwa sababu njia ilikuwa inafunguka na muda hauna adabu.

Kidole akazunguka kitanda, akachuchumaa tena miguuni pa wanawake wawili.

"Nitakwambia ukweli. Kidole changu kimenipa majibu mawili. Naweza kukisia, na huenda nikapatia. Lakini wewe hukuniomba nikisie. Mashine nitaiweka mgongoni tu. Huko haimfikii yeye, inaona mifupa. Kioo kitakuwa nyuma yako, sauti nitaizima."

Uchungu mwingine ukaja. Mzazi aliuruhusu upite wote kabla hajajibu.

"Sauti yake zima," akasema. "Yako usizime. Ongea. Ukinyamaza nitajua kuna jambo jingine."

Kwa hiyo mashine ililetwa, na gurudumu lake bovu, na Kidole akaongea. Hakuwahi kuongea hivyo maishani. Si utani wake wa siku zote, ule aliokuwa ameuhifadhi kichwani kama nguo za sikukuu. Alisema tu kile alichokiona, kimoja baada ya kingine, asiache mwanya.

"Naweka jeli. Ya baridi, samahani, hawajawahi kutuletea ya moto. Naanza chini kabisa, karibu na makalio. Kuna mfupa mpana hapa, kama kibaraza. Hapo ndipo hesabu inapoanzia, huu hausemi uongo. Sasa napanda. Pingili ya tano hii, inajitokeza. Wifi, unaiona?"

"Mimi naona mawingu," akasema wifi, aliyekuwa akichungulia kioo juu ya bega la mzazi.

"Ndiyo hayo. Wingu jeusi ni kivuli cha mfupa. Panapong'aa katikati ndipo penye nafasi."

"Wifi yangu, mbona mgongo wako umepinda?"

"Umepindishwa na kumbeba kaka yako," mzazi akasema, sauti ikitokea ndani ya nguo za mwenziwe.

Wifi akatoa pumzi iliyotaka kuwa kicheko, ikageuka njiani. Akambana zaidi.

"Umepinda kidogo sana," Kidole akaendelea haraka, maana kimya kilikuwa kinanyemelea. "Unakwenda kushoto halafu unarudi, kama mtu aliyekwepa dimbwi. Ya nne hii. Nafasi iliyo juu yake hii hapa. Pana, nzuri." Alitazama kioo, akatazama alama zake. Zote mbili zilikuwa juu. Ile ya kwanza ilikuwa juu kwa pingili mbili nzima. Ulimi ulitaka kusimama, akaulazimisha. "Nilikuwa nimekosea, mama. Mara zote mbili. Nilikuwa juu. Sasa nafuta alama zangu kwa spiriti, naweka mpya."

"Asante kwa kusema," akajibu mzazi.

Akamsafisha, akamtandikia kitambaa, akampa ganzi ya ngozi. Sindano ndefu ikaingia, na nyuma yake bomba la sindano lenye maji, gumba la Kidole likilisukuma taratibu. Bomba likagoma, ishara kwamba ncha bado haijaifikia nafasi. Akasogea kidogo sana, likagoma. Uchungu ukaja na wifi akasema, "Nibane mimi, usisogee, nibane," na mzazi akambana mpaka wifi akafumba macho. Kidole hakutoa mkono wala hakuacha kuongea. Alimsimulia mambo ya bomba, kwamba lina kiburi, kwamba linapokubali hukubali lote kwa mara moja. Nalo likakubali. Akapitisha mrija mwembamba, akatoa sindano, akabandika plasta ndefu mpaka begani.

Wakamlaza. Kidole alitia dawa kidogo, kisha akampa mzazi vidole vyake, viwili kila mkono.

"Nibane."

Akabana.

Wakangoja. Akaongeza kidogo.

"Nibane tena."

"Bado ninayo?"

"Unayo. Unataka kunivunjia kitendea kazi."

Alifanya hivyo tena na tena, kila alipoongeza dawa, na kila mara vidole vyake vilibanwa sawasawa. Miguu ya mzazi ikawa mizito, tumbo likanyamaza. Uchungu uliofuata aliutambua kwa kuona tumbo likijivuta tu.

Kwa kawaida hapo ndipo akina mama hucheka. Wengine humwombea Kidole baraka, mmoja aliwahi kuahidi kumwozesha mdogo wake. Huyu alitulia, akatazama dari, na maumivu yalipokwisha kuondoka hakukuwa tena na kitu cha kumshughulisha. Machozi ya kwanza yakatoka, yakateremka pembeni hadi masikioni. Kidole alikuwa anajua namna ya kuondoa maumivu ya aina moja tu. Alivuta kiti, akakaa kichwani pake. Hakuwa na sababu ya kikazi ya kubaki, na hakuna aliyemwambia aondoke.

"Kaka yako atakuja?" mzazi akauliza.

"Nimemfuata mara mbili," akajibu wifi. "Anasema anakuja. Halafu analishika lile begi."

"Mwache kwanza."

Mtoto alizaliwa jua likiwa bado dirishani. Hakuna aliyepaza sauti kumwambia asukume. Mkunga alimwongoza kwa kunong'ona, mkono juu ya tumbo, na mzazi alisukuma kwa kuambiwa kwa sababu mwili haukumwambia. Alikuwa wa kiume. Mkunga alimfuta, akamfunga kitambaa cheupe, na kwa mara ya kwanza tangu Kidole amjue mikono yake ilichelewa kwenye fundo.

Wifi aliyaona hayo yote, akarudi hatua nyuma, akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.

Mzazi alinyoosha yake. Ilikuwa yake. Alimpokea, akamsogeza kifuani, kiganja kimoja kikapata kisogo na kingine kikapata makalio, kama kwamba vilikuwa vimepangiwa.

"Ana joto," akasema.

Joto lilikuwa la mama mwenyewe, ambalo mtoto alitoka nalo. Wote chumbani walilijua hilo, na hata mdomo usio na mlango ulikaa umefungwa.

Alimfungua. Alimhesabu vidole, akapitisha gumba juu ya nyusi, akamnusa kichwani. Alikunja sikio dogo likarudi taratibu.

"Masikio ya kaka yako haya."

"Pole yake," wifi akasema, huku analia bila kujificha. "Yangempa shida shuleni."

"Yangempa shida."

Alimvalisha mwenyewe. Wifi alitoka kufuata nguo, na aliporudi kaka yake alikuwa nyuma yake, begi mkononi, akasimama mlangoni kama mgeni asiyejua viatu avulie wapi. Mzazi hakumwita. Alichukua shati dogo kutoka kwenye begi, akalipitisha kichwani, akatafuta mkono mmoja ndani ya kitambaa cha shati, akauvuta nje, kisha wa pili. Alifunga kamba ndogo za ubavuni. Ya pili ilifunguka, akaifunga upya. Ilichukua muda mrefu. Mkunga, aliyekuwa na vyumba vingine vinavyomwita, alisimama akipangusa miwani yake.

Alipomaliza, alimtazama mumewe.

"Njoo."

"Siwezi," mwanamume akasema.

"Najua. Njoo."

Akaliweka begi chini, akaja. Kidole alinyanyuka kitini kumpisha, akajibanza ukutani karibu na mashine. Mwanamume alinyoosha mikono kama mtu anayepokea sinia, viganja juu, na mkewe akamwekea mtoto hivyo hivyo. Kichwa kidogo kikaning'inia pembeni.

"Kichwa," mzazi akasema. Aliinua mkono wake, akashika kiwiko cha mumewe, akakisogeza polepole mpaka kikakaa chini ya shingo ya mtoto. "Hivi. Mshike kichwa."

Mumewe akamshika kichwa.